Shemasi Jones na Msafara Uliorudi Bila Askofu

Tarehe 4 Februari 1886 msafara uliingia Rabai kutoka bara, na mbele yake palipepea bendera ya buluu iliyokoza yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Kwa kawaida msafara uliorudi salama ulijulikana tangu mbali, kwa milio ya bunduki, baragumu na nyimbo za wapagazi. Huu ulikuja na watu waliodhoofika, nguo zao zimechanika, na wanawake wa Rabai na Freretown wakawakimbilia, kila mmoja akitafuta uso wa mumewe kati ya nyuso zile. Askofu James Hannington aliondoka Rabai mwezi Julai 1885 akiwa na wapagazi wapatao 200. Alipofika Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, alichagua watu 50 wa kutangulia naye kwenda Buganda, na kati ya hao hamsini ni wanne tu waliookoka. Kwa hiyo wengi wa wanawake wale hawakumpata waliyemtafuta.

Waliojua Biblia yao hawakuhitaji kuelezwa bendera. Ikabodi ni jina alilopewa mtoto aliyezaliwa siku Sanduku la Agano lilipotekwa na Wafilisti, siku ambayo watu waliona utukufu umewatoka. Mtu aliyewaongoza wale waliosalia, safari ya miezi miwili kutoka Kwa Sundu, kupitia nchi ya Wamasai, alikuwa shemasi wa miezi minane tu katika daraja lake. Jina lake William Jones. Alizaliwa Myao, kusini huko karibu na Ziwa Nyasa, akauzwa utumwani angali mtoto, na jina hilo la Kiingereza alilipata ng'ambo ya bahari.

Hannington ana kanisa kuu la ukumbusho mjini Mombasa na siku yake katika kalenda ya Kanisa la Kianglikana. Krapf ana mnara Nyali. Ni haki yao. Lakini mtu akiniuliza ni nani walioitika wito wa utumishi katika kisiwa hiki na viunga vyake, nitamtajia kwanza kundi la watu waliokwisha kuuzwa, wakaokolewa, wakapewa nafasi ya kuishi kwa amani mbali na pwani iliyowauza, na bado wakakubali kurudi.

Ili tuelewe uzito wa kurudi kwao, lazima tujue Mombasa ilikuwa imeuona Ukristo kwa sura gani kabla yao. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na watawa Waagostino wakawa na nyumba yao hapo mjini, hatua chache kutoka ngomeni. Yusuf bin Hassan, mwana wa Sultani wa Mombasa, alipelekwa Goa akiwa mtoto baada ya baba yake kuuawa. Huko alilelewa na watawa hao hao, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa mwaka 1626 kukalia kiti cha baba yake. Alikuta kapteni wa ngome akimdharau mbele ya watu wake mwenyewe. Mwezi Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akaurudia Uislamu, na katika siku zilizofuata Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika, waume kwa wake, waliambiwa wachague. Waliokataa kuikana imani waliuawa. Miongoni mwao alikuwamo Dom António wa Malindi, ndugu wa ukoo wa Sultani mwenyewe. Mashahidi hao wa Mombasa walikufa kwa ushujaa mkubwa, na ushahidi wao ulikusanywa Goa mara baada ya tukio. Lakini kwa mwenyeji wa Mji wa Kale, dini ile ilikuwa imekuja pamoja na mizinga, na ilipoondolewa na Waomani mwaka 1698, baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka mitatu, haikuacha kanisa hata moja lililo hai kisiwani.

Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kianglikana la CMS, alifika mwaka 1844 bila mizinga, akiwa na barua ya Sayyid Said wa Zanzibar ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Mwezi Julai mwaka huo mkewe Rosine alijifungua mtoto wa kike, na katika siku chache homa ikawachukua wote wawili. Aliwazika mke na mtoto ng'ambo, upande wa Kisauni, mahali panapoonekana kutoka Mji wa Kale ukivuka maji kwa macho. Alikuwa yeye mwenyewe mgonjwa, hajiwezi. Aliwaandikia wakubwa wake kwamba kaburi hilo liwe dalili kwao ya kuanza kazi, wala lisiwe sababu ya kukata tamaa. Wakati huo alikuwa amekwisha kuanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhidini, mtu wa asili ya Barawa. Jambo hilo linastahili kukumbukwa kila Biblia ya Kiswahili inapofunguliwa kanisani: mwanachuoni wa Kiislamu aliketi na mgeni aliyefiwa, akampa maneno.

Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, na Agosti hiyo wakapanda kwenda kukaa Rabai, kati ya Wamijikenda. Aliyeitika kwanza alikuwa Mringe, mlemavu wa viungo ambaye jamii haikumtarajia chochote. Alibatizwa mwaka 1851 akiwa kitandani pa kufia. Baadaye akaja mzee Abe Gunja, na mwanawe Isaac Nyondo akawa macho ya Rebmann. Nasema macho kwa sababu Rebmann alipofuka. Alikaa miaka 29 pwani hii bila kurudi kwao, na mwaka 1875 alipoondoka hatimaye, ni Nyondo aliyemshika mkono hadi Ulaya, kisha akarudi kwao Rabai. Waumini wa Rebmann walikuwa wachache mno, na wageni waliopita walimcheka kwa hilo.

Hao wachache ndio walioongezewa nguvu mwaka 1864, na nguvu hiyo ilitoka Bara Hindi.

Manowari za Kiingereza zilizokuwa zikisaka majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi zilikuwa na shida moja: waliookolewa wapelekwe wapi? Kuwashusha pwani ileile kulikuwa kuwarudisha mikononi mwa wauzaji. Wengi walipelekwa Aden, kisha Bombay. Watoto kati yao waligawiwa kwa familia na misheni, na kundi moja likafika Sharanpur, kijiji cha Kikristo karibu na Nasik kilichoanzishwa na kasisi wa CMS, William Salter Price. Huko walifundishwa kusoma na kuandika, uhunzi, useremala na kazi nyingine za mikono. Wakasahau kiasi gani cha Kiyao, Kinyasa au Kimakua, hilo lilitegemea umri waliochukuliwa. Jones alijifunza uhunzi. Waliokua pamoja naye walijua Kiingereza na lugha za Kihindi, na wengi wa kizazi chao walipata riziki kwenye meli na katika shughuli za bandari ya Bombay. Pwani watu waliwaita Wabombay, na jina hilo likawakaa maisha yao yote.

Rebmann alihitaji wasaidizi. William Jones, Ishmael Semler na George David walikubali, wakaja na wake zao.

Fikiria Mombasa waliyoshukia. Mwaka 1864 biashara ya watumwa ilikuwa halali bado katika himaya ya Sultani, na majahazi yaliyotia nanga Bandari ya Kale yalishusha tende, nguo za Bombay na samaki wa chumvi, na mara nyingine watu. Bendera nyekundu ya Zanzibar ilipepea juu ya Ngome, na askari wa Kibaluchi walikaa ndani yake. Mtu mweusi aliyepanda ngazi za forodhani akizungumza Kiingereza na Kihindi, amevaa viatu, hana bwana wa kumtaja, alikuwa kitendawili kwa waliomwona. Ukimuuliza ni mtumwa wa nani, angejibu nini? Kutoka hapo walipita kando ya Ndia Kuu, wakapata mashua ya kuwapandisha mkono wa bahari hadi mwisho wa maji, kisha wakakwea kwa miguu mpaka Rabai. Njia hiyo ilikuwa ya kilomita zipatazo 24, na walikuja kuijua kwa jua na kwa mvua, kwa sababu kila kitu cha misheni, kuanzia misumari hadi barua, kilitoka kisiwani.

Kazi yenyewe haikuwa ya kusifiwa magazetini. Walilima, walijenga, walifundisha watoto wa wachache waliokuja, walisoma ibada. George David alijitosa zaidi ya wote kwa Wamijikenda. Macho ya Rebmann yalipozidi kufifia, David ndiye aliyekuwa nguzo ya Rabai, na alitembelea waumini wa Kigiriama waliokuwa wakijikusanya wenyewe, mbali na mzungu yeyote, kwa sababu mmoja wao alikuwa na kitabu na alijua kukisoma. Hakuna kiongozi wa kanisa aliyewapangia. Mimi naona hapo ndipo Ukristo wa pwani ya Kenya ulipoanza kusimama kwa miguu yake, na aliyeuona na kuulea alikuwa mtumwa wa zamani, aliyekuja kufariki mwaka 1884 bila kupata daraja la kanisa.

Wakati huo Wabombay wengine walikuwa safarini na David Livingstone. Mwaka 1872 vijana wa Nasik walijiunga na kundi lililopelekwa kumsaidia bara, na mmoja wao, Jacob Wainwright, ndiye aliyesoma ibada ya maziko ya moyo wa Livingstone chini ya mti kijijini kwa Chitambo, Mei 1873, akachonga jina la marehemu kwenye gome. Waliubeba mwili hadi Bagamoyo. Wainwright alifika nao London, akawa miongoni mwa walioshika jeneza Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Mwenzake katika msafara ule, Chengwimbe, Myao aliyeitwa Matthew Wellington, alirudi pwani na kuishi Freretown na Mombasa hadi kifo chake mwaka 1935. Kwa hiyo hadi wakati wa kumbukumbu ya wazee tuliowakuta, alikuwapo mtu mjini aliyebeba mwili wa Livingstone begani.

Mwaka 1873, chini ya shinikizo la mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, na tishio la manowari, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Price, mwalimu wao wa zamani wa Sharanpur, akatumwa Mombasa mwishoni mwa 1874, akanunua ardhi Kisauni, ng'ambo ya Bandari ya Kale, akaanzisha makazi ya waliookolewa. Wakayaita Freretown. Aliwaita wanafunzi wake waliobaki Bombay, wakaja wengi, pamoja na waliotangulia Rabai. Manowari zikaanza kuwashusha watu moja kwa moja kutoka majahazini: watoto wenye vidonda vya minyororo, wanawake wasiojua walipo. Aliyewapokea ufukweni, aliyewaambia kwa lugha waliyoielewa kwamba hapa hawauzwi, hakuwa Price. Alikuwa Myao au Mnyasa aliyewahi kushuka jahazini hivyohivyo.

Kengele ikatundikwa juu ya nguzo za mawe kando ya njia. Ilipigwa kuita watu ibadani na shuleni, na ilipigwa pia wateka watumwa walipohofiwa kuwa karibu, ili watu wakimbilie pamoja. Matatu za Nyali na Kisauni bado zinapita hapo kila dakika, makonda wakiita Kengeleni, na nguzo zile zimesimama na kengele yake kati ya moshi na honi.

Watu wa Mji wa Kale hawakufurahi, na sitaki kuwasimulia kama wabaya wa hadithi. Mashamba yao ya mawele na minazi yalitegemea kazi ya watumwa. Sheria ya nchi ilikuwa upande wao, na Waingereza wenyewe walikuwa wameahidi kuwa watumwa watoro hawatapokewa misheni. Lakini watoro walikuja. Walivuka usiku kutoka kisiwani, walitoka Takaungu na mashambani, na kila aliyepotea kwa bwana wake alidhaniwa yuko Kisauni au Rabai. Mwaka 1880 hasira ilifika mahali ambapo watu wa kisiwani walitishia kuvuka na kuichoma Freretown. Msimamizi wa wakati huo, mzungu asiye kasisi aitwaye J. R. Streeter, alikuwa amewapokea watoro kwa ukaidi wake mwenyewe, na wakati huohuo aliwachapa viboko wakazi wa Freretown waliomkosea. Uchunguzi ulifanyika, Streeter akaondolewa. Nimeona watu wakimkumbuka kwa lile la kwanza na kulisahau la pili. Mtu aliyepona mjeledi wa Mwarabu na kuangukia mjeledi wa misheni alikuwa na haki ya kuuliza uhuru wake uko wapi, na Wabombay waliuliza.

Upande wa kisiwa chenyewe, kazi ya kuhubiri ilikuwa ngumu kwa namna nyingine. W. E. Taylor wa CMS, aliyefika mwaka 1880, aliamua kuvaa kanzu na kuzungumza na watu barazani na sokoni kwa Kimvita chao, akibishana nao kwa adabu na wao wakimbishia kwa elimu. Mwalimu wake wa lugha alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, na kwa mikono ya hao wawili mashairi ya Muyaka bin Haji yaliokolewa yasipotee. Waumini wapya Taylor hakupata wengi mjini. Kiswahili kilipata hazina.

Wengine walilipa kwa damu. Kule Fuladoyo, ndani ya nchi ya Wagiriama, watoro na Wakristo walijenga kijiji chao, na katekista David Koi, Mgiriama, alikuwa kiongozi wao. Mwaka 1883 alikamatwa na kuuawa na watu wa pwani waliokuja kuwatafuta watoro. Koi hakuwa mtumwa. Angeweza kuwaacha watoro wajitafutie njia. Wapo wanaomhesabu kuwa shahidi wa kwanza Mprotestanti wa Kenya, naye angestahili kutajwa katika kila mahubiri ya Ijumaa Kuu kutoka Malindi hadi Kwale.

Hannington alifika Januari 1885, askofu wa kwanza wa jimbo kubwa lisilo na mpaka lililoitwa Afrika ya Ikweta ya Mashariki. Alikuwa na haraka, mchangamfu, na kwa haki yake aliona upesi jambo ambalo waliomtangulia hawakuliona kwa miaka ishirini na moja. Tarehe 31 Mei 1885, Jumapili ya Utatu, aliwawekea mikono William Jones na Ishmael Semler wakawa mashemasi. Mhunzi aliyeuzwa Uyao akavaa kanzu nyeupe ya ibada na kupewa ruhusa ya kuhubiri katika kanisa ambalo tayari alikuwa amelibeba.

Hazikupita wiki nane. Askofu alitaka kufungua njia fupi ya kwenda Buganda kupitia nchi ya Wamasai, na akamchukua Jones. Semler akabaki pwani. Hannington hakujua, au hakuzingatia, kwamba Kabaka Mwanga aliogopa wageni watakaoingilia mlango wa mashariki, Busoga. Msafara ulipita Ukamba, ukapita nyanda za Wamasai, ukafika Kwa Sundu mwezi Oktoba. Hapo Askofu akaamua kutangulia, akamwachia Jones zaidi ya watu 100, mizigo na wagonjwa. Alikamatwa kwa mtemi Luba wa Busoga na kuuawa tarehe 29 Oktoba 1885 pamoja na watu wake.

Waliookoka walifika kwa Jones mwanzoni mwa Novemba. Fikiria kazi iliyomwangukia. Askofu ameuawa na habari hazijathibitishwa. Wapagazi wana hofu, posho inapungua, nchi ngeni, na nyuma yao wiki nyingi za njia. Jones hakukimbia siku ile. Alingoja, akituma watu kuulizia, akitumaini kuwa habari zingegeuka. Aliendelea kuandika shajara yake ya safari. Alipohakikisha, mwezi Desemba, aligeuza msafara kurudi. Akaagiza bendera ishonwe. Hapo ndipo namwona kwa karibu: shemasi katikati ya wapagazi waliochoka, akichagua kitambaa cha buluu na neno moja la Kiebrania, ili watu wa nyumbani waelewe kabla hajafungua kinywa, asilazimike kumwambia kila mjane peke yake njiani.

Baada ya hapo alirudi Rabai akawa mchungaji wa watu ambao sheria ilimkataza kuwapokea. Watoro waliongezeka. Maofisa wa Kiingereza waliwaonya wamisionari mara kwa mara, na ripoti zikaenda London kwamba Rabai hakuna mtoro hata mmoja. Jones alijua ukweli, maana alikuwa akila nao. Mashamba yao yaliizunguka misheni, na watoto wao walikuwa shuleni kwake. Mwaka 1888 Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilifungua ofisi Mombasa, na mwakilishi wake George Mackenzie akakuta mji umechachamaa: matajiri wanadai watumwa wao, wakisema hakuna msafara wa Kampuni utakaotoka mpaka warudishwe. Mackenzie aliwalipa fidia. Price, mzee sasa, alirudi kusimamia orodha. Walipoandikwa wote, walizidi 1,400.

Tarehe 1 Januari 1889 walikusanywa Rabai, na mmoja mmoja akaitwa jina lake, akapewa hati ya uhuru. Masharifu na matajiri wa kisiwani waliopoteza watumwa walipata fedha zao. Waliopata hati walirudi mashambani kwao, mita mia chache kutoka pale, na kwa mara ya kwanza wakalima bila kutazama njia. Miaka 18 baadaye, mwaka 1907, sheria ilikuja kukomesha utumwa kabisa pwani ya Kenya. Shukrani za siku ile ya hati zilikwenda kwa Mackenzie, na ni kweli fidia aliilipa yeye. Lakini hakungekuwa na mtu wa kukombolewa Rabai kama shemasi mweusi asingewafungulia mlango miaka yote ile iliyotangulia, tena akijua kwamba lawama ikija itamwangukia yeye.

Hapo ndipo historia inapouma. Wamisionari waliokuja katika miaka ya 1890 walikuwa kizazi kingine, vijana wenye elimu na imani motomoto, na wengi waliwatazama Wabombay kama watoto. Mzungu wa mwaka mmoja pwani alilipwa zaidi ya Mwafrika wa miaka thelathini, na alipewa mamlaka juu yake. Wabombay walilalamika kwa maandishi, kwa Kiingereza safi walichofundishwa, na majibu waliyopata yaliwavunja moyo. Uganda nako Askofu Alfred Tucker alipendekeza mwaka 1897 katiba itakayowaweka wazungu na Waafrika sawa ndani ya kanisa, na waliompinga walikuwa wamisionari wake mwenyewe. Wito, nadhani, Wabombay waliuelewa vizuri kuliko waliowafundisha.

Mwaka 1899, Mombasa ikiwa imefanywa dayosisi, Askofu William Peel akakaa hapo, na mwaka 1905 kanisa kuu la ukumbusho wa Hannington likawekwa wakfu kisiwani, kuba lake na matao yake vikifuata ujenzi wa pwani kiasi kwamba mgeni hulidhania msikiti. Freretown yenyewe ilianza kupungua: vijana walihamia reli, ofisi za serikali, bandari. Lakini mwaka 1903 shule ya theolojia ilianza palepale kufundisha wachungaji Waafrika, kabla ya kuhamishiwa Limuru mwaka 1930, ambako leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo. Na mwana wa Freretown, James Mbotela, alichapisha mwaka 1934 kitabu chake Uhuru wa Watumwa, akisimulia jinsi wazee wake walivyotekwa, wakaokolewa, wakafika Kisauni. Ukoo huo baadaye uliwapa Wakenya sauti ya Leonard Mambo Mbotela redioni, na wengi waliomsikiliza hawakujua sauti ile ilitoka kwenye majahazi yale.

Kati ya Wabombay hakuna aliyekuja kuwa askofu. Dayosisi ya Mombasa ilisubiri hadi mwaka 1964 kupata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Peter Mwang'ombe, mtu wa Taita, mwaka mmoja baada ya Uhuru wa Kenya na miaka 100 kamili tangu Jones, Semler na David waliposhuka Bandari ya Kale na wake zao.